Ramani

Mashuka ya wodi ya watoto hushuka saa moja kasorobo,
kigari kikilia gurudumu moja kama mbuzi wa jirani,
na Eliaichi, miaka ishirini na mitatu katika kazi hii
(mji unaitwa Moshi, husema, sisi ndio mvuke wake),
hukunjua la kwanza dirishani, penye mwanga,
akakaza macho kama mwalimu wa jiografia:
"Hii nini?"

Nami, mwanafunzi wake tangu Machi:
"Msumbiji."
"Msumbiji gani isiyo na pwani? Tazama vizuri.
Hili ni Ziwa Jipe baada ya masika.
Aliyekojoa hapa alikunywa uji vikombe viwili,
akalalia ubavu wa kulia, akaota anaogelea."

Tumepata Pemba mara nne wiki hii.
Tumepata Italia moja, kiatu na kisigino chake.
Tumepata na nchi ambayo haijapewa jina,
ndogo mno, katikati ya shuka kubwa,
ya mtoto wa siku sita.
Hiyo Eliaichi aliipigia saluti.

Kisha dunia yote ndani ya mashine,
sabuni kopo na nusu, jiki kizibo kimoja,
mipaka ianze kuchanganyika.

Ukutani Bwana Temu, msimamizi, amebandika karatasi:
KAZI MBAYA SI MCHEZO MWEMA.
Herufi kubwa, gundi ya unga.
Eliaichi anaiheshimu, huipangusa vumbi kila Ijumaa.
Mara moja tu aliniuliza, mdomo umejaa vibanio:
"Na vikija mlangoni vyote viwili, vimeshikana mikono,
nifukuze kipi?"

Uani, upepo wa mlimani hujitia wa tatu.
Ncha kwa ncha, vuta, kung'uta, pah!
Tusogeleane, vidole viguse vidole,
turudi nyuma kama waliogombana,
tusogeleane tena, shuka likizidi kupungua
mpaka tubaki na mkate mweupe mikononi.
Anayeangusha ncha ananunua maandazi.
Deni langu liko kwa chaki nyuma ya mlango wa boila:
kumi na saba.
Lake sifuri,
na hiyo sifuri ameichorea macho na meno.

Yako mashuka hatuyasomi.
Huja peke yake, yamefungwa fundo,
na anayesukuma kigari hatusalimii kwa sauti.
Tunayafua. Tunayakunja vilevile, ncha kwa ncha.
Siku hiyo Eliaichi huangusha ncha, namwona, kwa makusudi,
akaenda kununua maandazi,
wala haandiki.

Leo wingu limepasuka saa nne.
Kibo kikatokeza, cheupe, kimekunjika vibaya,
upande mmoja umening'inia.
Eliaichi akatazama juu, mkono kiunoni:
"Nani kakunja lile?"

"Zamu ya usiku," nikasema.