Mtu wa Lumbesa

Mimi ni mtu wa lumbesa.
Pale Isyonje, ukungu haujafumbua jicho,
najaza viazi, napiga gunia teke,
naongeza debe, napiga teke tena,
mpaka gunia livae kilemba.
Uzito naujua kwa mgongo.
Gramu sikuwahi kuiulizia.

Mwezi wa saba, sakitu imebabua majani shambani,
Atuganile akashikwa na uchungu
wiki ya thelathini.
Tulishuka Mbeya na lori la viazi,
yeye mbele kwa dereva, mimi juu ya mzigo,
nikiomba kila kona isimtikise.

"Elfu moja mia moja na themanini,"
alisema Sista Nsajigwa, kama anataja nauli.
Nikatafuta mgongoni pa kuuweka uzito huo.
Sikupaona.
Viazi saba, vya mbegu, si vya kuuza.

"Njiti," akasema.
Nikacheka vibaya.
Njiti naijua: ile moja iliyobaki kwenye kiberiti,
mvua nje, kuni mbichi,
unaizungushia viganja
na pumzi yako mwenyewe unaizuia.

Mashine ya joto moja, watoto wanne.
Saa nane usiku umeme ukakatika.
Mama yake chumba cha pili, amelala,
damu ya mtu tusiyemjua ikimdondokea tone kwa tone.
"Baba, vua shati."
Mimi?
"Kwani kifua huna?"

Akamlaza kati ya chuchu zangu zisizo na kazi:
kofia ya sufi, soksi, nepi, basi,
miguu imekunjwa ya chura,
sikio juu ya moyo wangu uliokuwa unakimbia.
Akatufunga kwa khanga ya Sekela, kitanda cha tatu.
Maandishi yake sikuyasoma,
yalikuwa mgongoni.

Maziwa ya mama yake yalikuja kwenye kikombe,
yakapita kwenye mpira mwembamba puani,
kijiko kimoja, na hicho hakijajaa.
Mara nyingine alisahau kupumua.
Namkuna unyayo kwa ukucha:
wewe, safari bado.
Anakumbuka.

Siku ya tatu mizani ikarudi nyuma, gramu sabini.
Niligombana nayo kama ninavyogombana na wanunuzi wa Dar.
Sista akaniacha nimalize,
kisha akasema wote hupungua kwanza,
rudi ukakae.

Mwakalinga wa gulioni akaja kunitazama,
akauliza mimba yangu ina miezi mingapi.
Saba, nikamwambia.
Alicheka, akaacha kucheka,
akaacha na elfu kumi juu ya kitanda.

Mtoto wa Sekela alikwenda Jumanne, kabla ya adhana.
Hakuna aliyepaza sauti, kwa ajili ya hawa waliobaki.
Kule alikoanzia uchungu
sindano ya kukomaza mapafu ilikuwa imekwisha,
shajala linasema imeagizwa.
Imeagizwa.
Neno hilo nalijua, hata mbolea huwa imeagizwa.
Sekela alipanda basi la Kyela mikono mitupu.
Nilifungua fundo nimrudishie khanga yake,
akalikaza upya kwa mikono yake,
akashuka ngazi.

Sasa tuko nyumbani, elfu moja mia nane na sitini.
Mama yake humbeba mchana,
usiku ni zamu yangu,
na alfajiri za gulio pia, ndani ya koti,
maana Atuganile naye ana usingizi anaoudai.
Anaitwa Tupokigwe.
Bibi yake alikuwa na jina hilo siku zote,
ila alikataa kulitamka
mpaka tuvuke mlango.

Jana mnunuzi akasimama juu ya gunia langu,
limejaa, limevaa kilemba,
akasema ongeza.
Nikamwambia limetosha.
"Kaka, kilo mbili ni kitu gani?"

Nikafungua kifungo kimoja cha koti.