Maelezo ya Kifungu cha Saba

Waheshimiwa wa kamati,
barua yenu imenifikia Tabora juzi.
Mmepiga mstari mwekundu kifungu cha saba:
nauli ya baiskeli, kinamama mia na ishirini,
kutoka mashambani Usoke hadi zahanati, kwenda na kurudi.
Pembeni mmeandika: Si lazima. Waliopimwa wanatosha.

Mimi ni mhasibu. Nimesomea risiti,
sikusomea ubongo.
Lakini orodha ya waliopimwa naitunza mimi,
na hesabu yake haifungi:
wanaume themanini na wanane,
wanawake kumi na mmoja.
Siku ya vipimo iliangukia mavuno ya tumbaku.
Wenye nafasi walikuja.
Wenye vidole vyeusi kwa utomvu walibaki mabanini,
mtoto mgongoni, moto haujakolea.

Na hao kumi na mmoja wakaulizwa
watoe saba kwenye mia, kisha watoe saba tena.
Kalunde akauliza: Mia ya nini, mwanangu?
Ya majani au ya shilingi?
Kijana akaandika sifuri.

Sifuri,
huyu aliyekuwa akipanga majani gizani
kwa ncha ya kidole,
la limau huku, la chungwa kule,
lililoungua chini ya goti,
na hakuna mnunuzi aliyewahi kumrudishia robota.

Mwaka jana ndipo alipoanza kuchanganya.
Limau ndani ya chungwa.
Chumvi kwenye uji, akatia tena, akatia tena.
Usiku mmoja akatoka kumtafuta ng'ombe
aliyeuzwa mimi sijazaliwa.

Hapa naomba mnisikilize.
Jirani yake, Mihayo, naye husahau.
Huvaa shati ndani nje,
humwita mkwewe kwa jina la marehemu dadake.
Watu hucheka, humsogezea kigoda:
mzee wetu amekula chumvi nyingi.
Kalunde akisahau,
na macho yake mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka sitini,
hakuna anayecheka.
Wanahesabu misiba ya kitongoji, wanamtazama.
Ugonjwa ni mmoja.
Yule umemletea kigoda,
huyu umemletea panga, saa nane za usiku.
Mbwa ndiye aliyetuamsha.

Kanuni zenu zinataka nitaje maslahi binafsi.
Nayataja: Kalunde ni mama yangu mkubwa,
ndiye aliyeninyonyesha mama alipolazwa.
Sasa analala kwangu, Isevya.
Ufunguo wa mlango nauficha ndani ya kopo la majani ya chai.

Nilimuuliza Daktari Sagali:
ni kwa nini? Ni hedhi kukoma?
Ni mimba tisa, na malaria ndani ya mimba?
Ni moshi? Ni usingizi ambao hakuwahi kuulala?
Au ni kwamba tu wanawake huishi sana?
Akasema: Sijui.
Nilipenda alivyolisema, bila haya,
kama mtu anayegeuza mfuko nje
muone wenyewe kuwa hamna kitu.
Akaongeza: Ninayoyajua
nimeyasoma katika vichwa vya wanaume.

Nauli ni shilingi elfu nne kwa kila mama.
Jumla, laki nne na elfu themanini.
Kifungu cha pili, ambacho hamkukigusa,
ni fulana na mabango ya uzinduzi:
laki sita na nusu.
Sisemi neno. Naonyesha tu safu mbili.

Jambo la mwisho, halina kifungu.
Jana usiku nilisinzia juu ya makaratasi haya.
Niliposhtuka, Kalunde alikuwa sakafuni
na risiti zenu zote,
anazinusa, anazipapasa,
za manjano huku, za waridi kule,
taratibu, mgongo umenyooka
kama zamani.
Sikumzuia.

Nazituma jinsi alivyozipanga.
Barua yenu, yenye ule mstari mwekundu,
haimo ndani ya bahasha.
Aliikunja,
akaiweka chini ya goti.