Barafu ya Agosti

Hermosillo, saa nane mchana, nyuzi arobaini na sita.
Mbwa wa jirani kalala ndani ya karai.
Kitasa cha gari hakishikiki bila kitambaa.
Na baba mkwe wangu, don Eleuterio,
miaka thelathini mchimba shaba wa Cananea,
ananiita uani nikaone ajabu:
mrija wa kiyoyozi umevaa barafu.

"Tazama, Maricruz! Kinagandisha!
Nani kasema kimechoka?"
Akaikwangua kwa ukucha, akailamba.

Lakini chumbani hewa ilikuwa vuguvugu,
kama pumzi ya mtu anayekunong'oneza deni lake.
Rimoti ilisema kumi na nane. Rimoti husema tu.
Zamani kompresa ilikuwa ikinguruma, ikinyamaza,
ikapumzika kama mtu mwenye akili zake;
sasa inakimbia tangu alfajiri
na haikumbuki inakokwenda.
Bili ya Julai nimeificha
chini ya mkebe wa unga wa mahindi.

Nilisafisha chujio. Nikatoa vumbi, manyoya ya paka,
na kibanio cha nywele cha marehemu mama mkwe
(kilifikaje huko, sijui; nilikitia mfukoni).
Nikangoja.
Vuguvugu ileile.
Basi haikuwa vumbi.

Usiku, nyuma ya ukuta, kitu kilipiga mluzi,
mwembamba, kama meno yasiyokutana.

Fundi alikuja Alhamisi: Yadira Bórquez,
kofia ya besiboli, geji mbili shingoni.
"Gesi ilijazwa lini?"
"Mwaka jana," akasema mzee. "Na mwaka juzi.
Kuna kijana wa pikipiki, huja kila Mei,
anajaza, anakunywa maji, anachukua peso zake."
"Huyo anateka maji kwa pakacha, na pakacha ni lako.
Gesi si petroli, don Eleuterio.
Hailiwi. Haichomwi. Haizeeki.
Inabeba joto la chumba, inalitua nje,
inarudi mikono mitupu kubeba jingine,
humo kwa humo, miaka na miaka.
Ikipungua, kuna mahali inapotokea."

"Na barafu?"
Aliuliza kwa sauti ya chini,
kama mtu anayemtetea rafiki.
"Barafu ndiyo njaa yenyewe.
Gesi ikiwa kidogo, kani yake inashuka,
inapoa kupita kiasi palepale inapoingia,
unyevu unaganda, hewa inakosa njia.
Baridi yote imejazana mlangoni, mzee.
Ndani haijafika hata robo."

Akazima mashine. Barafu ikalia ndani ya ndoo
saa nzima, tone kwa tone.
Kisha akakoroga sabuni ya vyombo kikombeni,
akachukua brashi, akapaka kila kiungo,
taratibu, kama anayemnyoa mgonjwa.

Kiungo cha kwanza, kimya.
Cha pili, kimya.
Kwenye nati nyuma ya ukuta, palipo na doa la mafuta
ambalo miaka miwili tuliliita uchafu,
povu likavimba, dogo, jicho la samaki,
likapasuka. Likavimba tena.

Don Eleuterio alivaa miwani.
"Shaba," akasema. "Labda niliichimba mimi."

Yadira alikata ncha iliyopasuka, akatengeneza nyingine,
akavuta hewa yote mrijani, akaacha geji ikae,
sindano isitikisike, nusu saa.
Ndipo akapima gesi kwa mizani, gramu kwa gramu,
kama muuza zafarani.

Saa kumi na moja kompresa ilinyamaza.
Sote watatu tukaitazama.
Ikarudi.

Mzee alimwomba aache kile kikombe cha sabuni.
Usiku nilimkuta jikoni anapaka mpira wa jiko,
kisha vali ya baiskeli, kisha bomba la sinki.
Hakuna povu. Akashukuru kila kitu kwa jina lake.

Mwisho akaingia chumba cha Chayo,
kilichofungwa tangu Februari,
akapaka fremu ya dirisha, pembe zote nne,
akakaa kitandani na brashi mkononi,
anatazama.
Niliweka kibanio kando yake,
nikamvutia mlango, nusu.