Bei ya Ufagio

Mwaka ule mlima ulipojikohoza
ukalitema shamba la Bishmaya mtoni,
alikuja mkandarasi kutoka Charikot
na tingatinga la njano, nyaya, saruji.
Akajenga ukuta. Akapigwa picha.
Mvua za mwaka wa pili ukashuka mzimamzima
kama meno ya bandia yaliyomponyoka mlevi.

Mama hakujenga kitu.
Alivuka Tamakoshi kwenda kwa dada yake,
akarudi na tenga mgongoni, kamba kipajini,
mashina ya amriso yakining'inia tope.
Tukayapanda juu ya kovu, mstari kwa mstari,
magoti yakizama.
Baba, simuni, kutoka Doha, akacheka:
"Nyasi? Mlima mnaufunga kwa nyasi?"
Mama akasema salio limekwisha.
Lilikuwa halijakwisha.

Mimi ndiye mshika daftari, nasema nilichoandika.
Mwaka wa kwanza: sifuri. Mbuzi wa Norsang walikula mistari mitatu.
Mwaka wa pili: majani, mizigo arobaini,
na nyati wetu akaongeza maziwa, lita moja na kidogo.
Mwaka wa tatu maua yakachomoza, marefu, rangi ya moshi,
tukafunga mafagio mia mbili kumi na sita.
Mnunuzi alitaka kwa rupia hamsini na tano.
Mama akamtazama tu.
Akalipa sitini.

Kuna mambo daftari halina safu yake.
Chemchemi iliyokauka nikiwa darasa la pili
sasa inatiririka hadi Chaiti, mwezi wa vumbi.
Kuna ndege pale, sijui jina lake,
huimba kama mtu anayetafuta funguo.
Na usiku wa ile mvua kubwa
tulikesha na viatu miguuni, mtoto mgongoni,
tukisikiliza.
Mlima ulinguruma.
Ukageukia ubavu wa pili.
Ukalala.

Juzi Baba katuma picha:
sakafu ya marumaru, pana kama uwanja,
naye katikati, kashika ufagio wa amriso,
shingo yake imefungwa nailoni nyekundu.
"Huu si wa kwetu?"
Nikamsomea Mama. Akaendelea kuchambua dengu,
akatoa jiwe, akalitupa nje.
"Mwambie huko kimefika kichwa tu,
mizizi iko huku, ina kazi."
Akafikiri kidogo.
"Na muulize wanauuza bei gani."