Mstari wa Minyaa

Mudibo hakutuuliza majina.
Aliutazama mfuko wa hema, na buti mpya za binti yangu,
akasema: Kwenda, mia mbili. Kurudi, tutaongea.
Akautia upondo ndani ya Nzoia
na Bunyala ikabaki ukingoni, mikono kiunoni.

Maji yalikuwa chai ya kibandani,
maziwa kidogo, ya kukopa.
Gogo lilitupita na abiria mmoja,
kenge, kidevu juu,
kama karani aliyechelewa kazini lakini hakimbii.
Nerima alicheka. Simu ilikuwa imelala mfukoni tangu Port Victoria.

Ofisini Nakuru walinionya:
huko hakuna hoteli, hakuna mtandao, hakuna choo.
Nikawajibu, ndiyo sababu.
Sababu ya pili sikuwaambia.

Mchanga mbele, matete nyuma,
mkuyu mmoja uliojaa kwera wakigombea bei.
Tulisimamisha hema, likaanguka.
Tukalisimamisha tena, likaegama, tukaliacha liegame.
Tuliogelea pale Mudibo alipotuonyesha kwa kidole,
si pale alipotuonyesha kwa kidevu:
pale, alisema, mwenyewe hulala.

Jioni Nerima alikwenda kuokota kuni
akarudi mikono mitupu.
Mama, kuna miti imepanga foleni.

Minyaa kumi na mmoja,
kutoka kichakani hadi majini, bila kupinda.
Ndege hapandi kwa kamba.
Mto haupandi kwa kamba.
Kukhu alipanda kwa kamba ya katani,
wiki moja baada ya kesi ya mbuzi wa jirani,
mwaka mmoja kabla mafuriko hayajazunguka nyuma ya boma
na kulimega kama tonge.

Nilikuwa na miaka sita.
Nakumbuka mgongo wa mjomba, harufu ya godoro bichi,
na Kukhu juu ya kichuguu
akihesabu sufuria kwanza, watoto baadaye.

Usiguse maziwa yake, nilimwambia Nerima, yanapofusha.
Sauti iliyotoka haikuwa yangu.

Usiku viboko walikuja kula nyasi
mahali ambapo, nikikadiria, palikuwa jikoni.
Walitafuna polepole
kama wapangaji waliokwisha kulipa kodi.
Nerima akaninong'oneza:
sisi tuko kwao, au wao wako kwetu?
Niliivuta zipu ya hema hadi mwisho.
Nje, mmoja akashusha pumzi,
ndefu, ya mtu aliyeketi baada ya kazi.

Asubuhi Mudibo alitukuta tumekunja kila kitu
isipokuwa majivu.
Nikamtajia jina la Kukhu.
Upondo ukasimama hewani, ukidondosha maji.

Yule wa kesi?
Mbuzi walikuwa wetu.

Aliitazama ile minyaa muda mrefu,
mmoja mmoja, mdomo ukihesabu bila sauti.
Kisha akakohoa.
Kurudi, mia tatu.

Nililipa.
Hadi ng'ambo Nerima aliniuliza kinachonichekesha,
nami nilikuwa nimegeuka, nikiangalia nyuma,
nikishindwa kuanza.