Mia na Saba

Tulihamia Ulaanbaatar na wanyama mia na saba,
na wote walienea ndani ya buti langu moja la zamani:
vifupa vya vifundo vya miguu, vilivyolainishwa na viganja
vya bibi yake, na vya mama wa bibi yake.
Ukikirusha, kifupa huangukia ubavu wake:
huu farasi, huu ngamia,
huu kondoo, huu mbuzi.
Ndiyo hesabu ya kwanza aliyoijua Saruul,
kabla ya moja, kabla ya mbili.

Wale wa kweli, wenye kwato na pumzi,
walikufa mwezi wa pili, wengine wakiwa wamesimama.
Theluji iliyeyuka mchana, ikaganda usiku uleule,
nyasi zikabaki chini ya kioo:
mnyama anaziona, ulimi haufiki.
Nilichuna ngozi hadi kisu kikakataa.
Alikuwa na miaka mitatu, amebebwa na mama yake mlangoni.
Akauliza, "Wamelala?"
Nikasema, "Wamelala."

Huku kilimani, kwenye moshi wa makaa ya mawe
na mbwa wasio na mwenyewe,
alilifanya buti zizi, kando ya jiko.
Kabla ya chai aliwapeleka malishoni, juu ya zulia la kijani,
wakanywa katika kifuniko cha sufuria.
Palikuwa na mbuzi mkaidi, Pembe-Moja,
ambaye hakuwa na pembe hata hiyo moja.
Ole wako ukanyage bonde!
Mimi, mwanamume mzima, dereva wa lori la taka,
nilivuka hema langu mwenyewe kwa kuruka mto,
viatu mkononi.

Na usiku akiniita, "Baba, hesabu,"
nilihesabu.
Nikifika mia na saba, usingizi ulinijia
kama zamani, upepo ukiwa nje na wao wakiwa ndani.

Tangu Novemba hajaniita.
Nilidhani ni baridi.
Nilidhani ni mtihani wa sehemu na desimali.
Buti lilihamia chini ya kitanda, nikasema, ni usafi.
Pembe-Moja nilimkuta kwenye droo,
kati ya betri zilizokwisha na risiti ya umeme,
nikamrudisha zizini kimyakimya
kama mwizi anayerudisha.

Jumapili nikapita kwa muuza nyama.
Nilichemsha kifupa, nikakisugua kwa majivu
hadi kikawa cheupe kama jino la kwanza.
Nikamwambia, "Yule mweusi kajifungua.
Usiku huu huu, kwenye theluji."
Dulmaa akajifanya anakoroga chai.

Saruul alikipokea kwa mikono miwili, kwa adabu.
Ana miaka kumi.
Akanitazama kama ninavyomtazama baba yangu
anapouliza farasi wake wa kahawia kafungwa wapi,
farasi aliyekufa kabla sijaoa.
Akakigeuza kile kifupa, akakigeuza tena.
Kisha akasema, polepole, akichagua maneno:
"Mzuri. Amenyonya?"

Nikaijua ile sauti.
Ilikuwa yangu, ya mwezi wa pili, pale mlangoni.

"Amenyonya," nikasema.

Akakiweka juu ya daftari lake, kisipotee,
akarudi kwenye desimali.
Mimi nikainuka kwenda kuongeza makaa.
Nilipofika ukingoni nikakumbuka kwamba hakuna mto,
na miguu ilikuwa imeshavua viatu.
Nikaruka.
Hakuinua kichwa.
Ila aliuvuta mguu wake kutoka kwenye zulia,
usilowe,
au nipite tu.