Husika na Kichwa cha Habari Hapo Juu

Duka langu liko Kiboriloni, kati ya fundi saa
na mama wa mitumba ya makoti ya baridi.
Kuchapa, elfu moja kwa ukurasa. Kufuta, bure.

Jumatano alikuja mwanajeshi asiyevaa jeshi,
ila viatu vilimsema:
vinang'aa hadi kisiginoni,
kana kwamba vumbi la njia ya Mbokomu
limeogopa kuvigusa.

"Andika," alisema, amesimama wima
ingawa kiti kipo.
"Koplo Aminiel Makundi. Songea, miaka kumi na moja.
Yah: Ombi la kuhamishiwa Jeshi la Akiba,
Wilaya ya Moshi, nikafundishe mgambo."

Nikacheka kidogo, Mungu anisamehe.
Mgambo wa kwetu nawajua:
wachoma mahindi, wapiga debe,
vijana waliofeli kidato cha nne,
wanapiga kwata uwanja wa shule
na bunduki za ubao.
Mtu aliyelala mpakani miaka yote hiyo
aje kuwahesabia hao kushoto, kulia?

Yeye hakucheka.

"Sababu?" nikauliza.

Alisema: mama anatia chumvi kwenye chai.
Nikachapa.
Alisema: usiku wa manane anatoka na tochi
kumkatia ng'ombe majani,
na ng'ombe tulimuuza mwaka wa msiba wa baba.
Nikachapa.
Alisema: zamu yetu ya maji ya mfereji ni Alhamisi,
saa kumi za alfajiri.
Alhamisi nne hapakuwa na wa kufungua banio.
Migomba imekonda. Jirani, simlaumu,
amegeuzia maji kwake.
Nikachapa.
Alisema: Krismasi nilimpigia simu,
akaniuliza, "Wewe ni mtoto wa nani,
mwenye adabu hivi?"

Hapo vidole vyangu vilisimama vyenyewe,
kisha nikachapa.

Akasoma kwenye kioo, midomo ikicheza.
"Toa ng'ombe, kamanda atacheka.
Toa chumvi.
Toa mfereji. Kambini hakuna Alhamisi."
Lile la Krismasi hakulitaja.
Aliligusa tu kwa kidole, pale kwenye kioo,
nikaelewa.

"Sasa weka: kwa sababu za kifamilia."

Maneno manne.
Yalionekana mepesi,
kama begi la mtu anayerudi kesho.

Ilikuwa barua yake ya tatu.
Ya kwanza walimwambia asubiri.
Ya pili, aipitishe kwa mkuu wake wa kazi;
akaipitisha, ikakaa.
"Hawakatai, dada. Jeshi halikatai.
Ni kama huu mlima hapa nyuma ya duka lako:
wiki nzima huuoni,
na hakuna aliyekuambia umehama."

Akatia saini, akaikunja mara tatu,
ukingo juu ya ukingo,
jinsi wanavyokunja shuka kambini.
Alilipa elfu mbili, chenji hakutaka.
"Ijumaa naanza safari ya Songea," alisema mlangoni.
Akafikiri.
"Lakini kesho ni Alhamisi."

Sina kihamba mimi, nimepanga chumba nyuma ya soko.
Ila alfajiri ile niliamka saa kumi bila kuamshwa,
nikakaa kitandani gizani
nikisikiliza kitu ambacho kwa vyovyote
kisingesikika kutoka Mbokomu.

Jibu kama lilikuja, halikupitia kwangu.

Kompyuta yangu ni kuukuu, hata kufuta haijui vizuri.
Kila asubuhi nikiiwasha inauliza:
Urejeshe kazi ambayo haikuhifadhiwa?
Na chini yake, kwa herufi ndogo:
mama anatia chumvi kwenye

Nabonyeza Ndiyo.

Mteja wa kwanza amesimama na fomu ya shule.
Asubiri kidogo.